Nuru Baridi: Kutoka Gofu ya Gizani hadi Gunia la Mahindi

Katika miji mingi ya Ulaya, ya Marekani na ya nchi za Ghuba umeenea mchezo mmoja ambao huchezwa ndani ya ukumbi uliozibwa madirisha yote. Mchezo wenyewe ni gofu ndogo: mchezaji huusukuma mpira kwa fimbo fupi, polepole, kupitia vizuizi vya kila namna, mpaka utumbukie katika shimo. Lililo geni ni kwamba ukumbi hauna taa za kawaida. Ni giza, na katika giza hilo mpira, kingo za njia na picha za ukutani hung'aa kwa rangi kali za kijani, za machungwa na za waridi. Uwanja mmoja wa namna hii uko Berlin, Ujerumani, chini ya mkahawa uliomo katika bustani iitwayo Görlitzer Park.

Msomaji aliyeko Mwamapalala, katika ile nchi ya Bariadi ya zamani ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, ana haki ya kuuliza mchezo huo unamhusu nini. Yeye ana pamba ya kuchuma, mahindi ya kuanika na ng'ombe wa kulisha. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba unamhusu sana. Nuru iung'arishayo mpira wa gofu ndiyo hiyo hiyo iliyowawezesha wanasayansi kuifumania sumu iliyojificha katika karanga, mahindi na mbegu za pamba. Aidha, anayeielewa vizuri nuru hiyo ataelewa pia ni wapi inafaa kuaminiwa na ni wapi haifai.

1. ASILI YA MCHEZO

Gofu ndogo ilizaliwa kutokana na desturi za zama zake. Mwaka 1867, mjini St Andrews huko Scotland, wanawake walianzisha chama chao cha kucheza gofu ya kusukuma mpira tu. Wakati ule haikuhesabiwa kuwa ni adabu mwanamke ainue fimbo juu ya bega na kuupiga mpira kwa nguvu, na kwa hiyo walitengewa kiwanja kidogo chenye mashimo ya karibu karibu.

Shida ya mchezo huo ilikuwa majani. Mpira hautembei vizuri ila juu ya majani mafupi, laini na yaliyo sawasawa, na majani ya namna hiyo hudai maji mengi na matunzo ya kila siku. Jawabu lilitoka katika zao ambalo watu wa Simiyu wanalifahamu kuliko wengi. Mwaka 1922 Thomas Fairbairn, mpenzi wa gofu aliyekuwa na shamba katika nchi ya Mexico, alitengeneza uwanja wa bandia kwa kuchanganya maganda ya mbegu za pamba, mchanga, mafuta na rangi ya kijani, kisha akaushindilia ukawa imara. Tangu hapo gofu ndogo iliweza kuwekwa popote, hata juu ya paa la nyumba. Mwaka 1927 Garnet Carter alifungua uwanja wake katika mlima wa Lookout, karibu na mji wa Chattanooga nchini Marekani, na baada ya muda mfupi mchezo ukaenea nchi nzima.

Viwanja vya gizani vilikuja baadaye sana, taa na rangi zinazohitajika zilipopatikana kwa bei ya kuridhisha. Hebu sasa tumfuate mgeni aingiapo katika kiwanja kimojawapo.

2. AYAONAYO MGENI UKUMBINI

Jambo la kwanza linalomshtua mgeni ni nguo zake mwenyewe. Shati lake jeupe, ambalo nje lilikuwa jeupe tu, sasa linatoa nuru ya buluu kama kwamba lina taa ndani yake. Koti lake jeusi limetoweka, isipokuwa vile vipande vidogo vya nyuzi na vumbi vilivyoliganda, ambavyo vinaonekana kimoja kimoja kama nyota. Mwenzake akicheka, meno yake yanang'aa kidogo. Akiagiza kinywaji cha toniki, bilauri nzima inakuwa na rangi ya buluu ya kupendeza. Lakini bilauri ya maji matupu iliyo kando yake haina dalili yoyote.

Jambo la pili ni taa zenyewe. Mgeni akitazama darini anaona mirija au vitaa vyenye rangi hafifu ya zambarau. Taa hizo zinaonekana dhaifu kuliko koroboi, na bado mpira ulio sakafuni unang'aa kuliko taa inayoumulika.

Jambo la tatu analigundua akiushika mpira: hauna joto. Katika maisha yetu tumezoea kwamba kitu kitoacho nuru ni kitu cha moto. Kaa la mkaa, utambi wa kibatari, chuma kilichomo kiwandani mwa mhunzi, hata jua lenyewe, vyote hivyo hutoa nuru kwa sababu vina joto kali. Mpira wa gofu hutoa nuru ukiwa baridi kama jiwe la kivulini. Ndiyo maana wataalamu huiita nuru ya namna hii nuru baridi. Kimulimuli arukaye usiku wakati wa masika naye ana nuru baridi, ila yake haitokani na taa ya nje. Hutokana na kemikali iitwayo lusiferini, ambayo hukutana na oksijeni ndani ya tumbo lake.

Basi nuru ya mpira inatoka wapi, ikiwa taa iko hafifu na mpira wenyewe hauna moto?

3. ELEKTRONI JUU YA JABALI

Nuru husafiri kama mawimbi. Macho ya binadamu huona mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Mawimbi marefu tunayaona kuwa ni rangi nyekundu, na mafupi kuwa ni urujuani, ile rangi ya mwisho katika upinde wa mvua. Mawimbi mafupi zaidi ya hayo hatuyaoni kabisa, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Taa za ukumbini hutoa hasa mionzi hiyo, aghalabu yenye urefu wa nanomita 365 hadi 400. Ule uzambarau hafifu aliouona mgeni ni masalio tu yaliyopenya. Taa ina nguvu, bali nguvu yake haionekani.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo chembe moja ya nuru inavyobeba nishati nyingi zaidi. Kwa kipimo kiitwacho elektronivolti, chembe moja ya nuru ya nanomita 365 ina nishati ya 3.4 hivi, na chembe ya nuru ya kijani ya nanomita 520 ina 2.4 hivi.

Nchi ya Usukuma ina majabali mengi, kwa hiyo tutumie mfano wa jabali. Mtoto anayechunga ng'ombe anapanda juu ya jabali kwa mruko mmoja wenye nguvu. Akiwa juu anateremka vidaraja viwili vitatu kwa miguu, pole pole, bila kishindo. Halafu kutoka hapo anaruka mpaka chini. Mruko wa kushuka ni mfupi kuliko ule wa kupanda, kwa kuwa sehemu ya kimo alikwisha kuipoteza kwenye vidaraja.

Ndivyo ifanyavyo elektroni iliyomo katika rangi ya mpira. Ikipokea chembe ya urujuanimno, inapanda daraja la juu la nishati. Hapo inapoteza kidogo nishati yake kwa kutikisatikisa atomi zilizo jirani, na nishati hiyo inakuwa joto dogo mno lisiloweza kuhisiwa kwa mkono. Halafu inaanguka chini na kutoa chembe mpya ya nuru. Kwa mfano wetu, iliingia 3.4, ikatoka 2.4, na ile 1.0 iliyobaki ikageuka joto. Kilichoingia hakikuonekana, na kilichotoka ni kijani kinachoonekana. Rangi ya mpira hufanya kazi ya mbadilishaji fedha: hupokea fedha isiyotumika sokoni, ikakata ada yake, ikarudisha fedha inayotumika.

Aliyeieleza kanuni hii kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu ni George Gabriel Stokes wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1852. Yeye ndiye aliyelitunga jina fluoresensi, kutokana na jiwe la fluospa ambalo baadhi ya vipande vyake hung'aa hivyo. Kabla yake, mwaka 1845, John Herschel alikuwa ameandika juu ya rangi ya buluu inayotokea katika maji yenye kwinini yakipigwa na jua. Hiyo ndiyo sababu ya bilauri ya toniki kung'aa: kinywaji hicho hutiwa kwinini kidogo ili kipate uchungu wake. Dawa ambayo wazee wetu waliijua kwa kutibia malaria ndiyo inayopamba meza ya mkahawa gizani.

Shati nalo lina siri yake. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha, ambazo hupokea urujuanimno wa jua na kutoa buluu. Buluu hiyo hufunika umanjano wa nguo kuukuu, nayo nguo ikaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Kwa hiyo weupe unaosifiwa katika matangazo ya sabuni, kwa sehemu, ni nuru iliyoongezwa juu ya usafi.

Rangi kali za mpira na kuta zina historia ya ajali. Mwaka 1933 kijana wa California aitwaye Robert Switzer aliumia kazini, na madaktari wakamwagiza akae gizani mpaka macho yake yapone. Yeye na ndugu yake Joseph wakaanza kumulika dawa zilizokuwamo katika duka la baba yao kwa taa ya urujuanimno, wakichagua zile zinazong'aa na kuzichanganya na vanishi. Kutokana na michezo hiyo ya gizani zikapatikana rangi ambazo leo huonekana katika fulana za askari wa barabarani na za wajenzi.

4. NURU IZIMIKAYO NA NURU IDUMUYO

Mgeni wetu akizimiwa taa ghafla ataona tofauti. Shati lake litazimika papo hapo, pamoja na bilauri ya toniki. Katika fluoresensi elektroni hukaa juu ya jabali kwa muda wa sehemu chache za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, na hivyo nuru hufa pamoja na taa. Lakini huenda mishale iliyobandikwa ukutani kuonyesha mlango wa kutokea ikaendelea kung'aa kwa dakika nyingi, hata kwa saa kadhaa. Nuru hiyo idumuyo huitwa fosforesensi. Hapa elektroni hunaswa katika mtego ulio juu ya jabali, nayo hutoka mtegoni kidogo kidogo.

Mtu wa kwanza wa Ulaya kusifika kwa kutengeneza kitu cha namna hii alikuwa fundi viatu, Vincenzo Casciarolo wa Bologna, Italia, mwanzoni mwa karne ya 17. Alichoma jiwe fulani akitumaini kupata dhahabu. Hakupata dhahabu, bali jiwe lake liliwekwa juani likang'aa usiku. Waswahili husema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, na usemi huo tutaurudia kwa sababu nyingine.

Katika karne ya 20 ilitumika sana zinki salfaidi iliyotiwa shaba, na tangu miaka ya 1990 imetumika zaidi strontiamu alumineti, ambayo hung'aa kwa muda mrefu zaidi. Hizi hazina mionzi ya nyuklia. Zisichanganywe na rangi ya kale ya radi, ambayo ilipakwa katika nyuso za saa ili zionekane usiku bila kumulikwa. Wasichana waliozipaka saa hizo nchini Marekani katika miaka ya 1910 na 1920 walifundishwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo, na wengi wao waliugua mifupa ya taya na kufa. Anayemiliki saa ya zama hizo asiifungue.

5. NURU BARIDI KAZINI

Tukitoka ukumbini, tunaikuta taa hiyo hiyo katika kazi nyingi. Wenye maduka na mawakala wa fedha wana tochi ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ya kawaida hung'aa kwa buluu kwa sababu imetiwa kemikali za kung'arisha. Noti nyingi za karatasi duniani hutengenezwa kwa nyuzi za pamba zisizotiwa kemikali hizo, kwa hiyo karatasi yake hubaki imefifia, na alama zilizofichwa tu ndizo zinazong'aa. Noti inayong'aa yote kama shati jeupe inastahili kutiliwa shaka.

Tochi hiyo hiyo ikimulika ukutani au chini ya kuni usiku, nge huonekana akiwa na rangi ya kijani na buluu, kwa kuwa ngozi yake ngumu ina kemikali za fluoresensi. Lakini nge aliyejivua gamba karibuni hang'ai mpaka ngozi mpya ikauke. Kwa hiyo mwenye tochi asiache kuvaa viatu.

Hospitalini taa ya namna hii huitwa taa ya Wood, kwa jina la Robert Williams Wood, mwanafizikia wa Marekani aliyetengeneza kioo kinachozuia nuru ionekanayo na kupitisha urujuanimno. Tangu mwaka 1925 imetumika kuchunguza mapunye kichwani mwa watoto. Baadhi ya kuvu wa mapunye hung'aa kijani, lakini wengine, hasa wengi wa jamii ya Trichophyton, hawang'ai hata kidogo. Mganga anayejua kazi yake hasemi kwamba mtoto hana mapunye kwa kuwa taa imenyamaza. Neno hili tulishike, kwa maana litatufaa mbele.

6. SUMU ILIYOPEWA JINA KWA RANGI YAKE

Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Katika Kenya na Uganda vifaranga vya bata navyo vilikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege hao wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Wataalamu walipoyachuja mashudu hayo na kulitandaza tone la dawa iliyotoka humo juu ya kibao maalumu, kisha wakalimulika kwa urujuanimno, waliona madoa yanayong'aa. Mengine yalikuwa ya buluu na mengine ya kijani. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini, kwa kuwa hutolewa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na aina zake zikaitwa B1, B2, G1 na G2. Herufi B na G ni mwanzo wa majina ya rangi ya buluu na ya kijani kwa Kiingereza. Sumu hii, basi, hubeba katika jina lake ile nuru iliyoifichua.

Aflatoksini si jambo dogo. Kwa kiasi kikubwa huharibu ini na kuua kwa muda mfupi. Kwa kiasi kidogo cha kila siku huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, waligunduliwa wagonjwa 317 waliokula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kupika hakutoshi kuiondoa, kwa maana sumu hii hustahimili joto la chungu cha ugali.

Kiwango kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mahindi ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo moja. Tukipiga hesabu, gunia la kilo 100 linaruhusiwa kuwa na miligramu 1 tu, uzito ulio mdogo sana kuliko wa punje moja ya mtama. Sumu ndogo kiasi hicho haionekani kwa jicho, haina harufu wala ladha.

Mkulima wa pamba ana sehemu yake katika habari hii. Katika miaka ya 1950, kabla hata aflatoksini haijajulikana, watafiti nchini Marekani waliona kwamba nyuzi za pamba zilizoshambuliwa na kuvu huyo hung'aa kwa rangi kali ya kijani na manjano zikimulikwa. Kuvu huyo akiingia katika mbegu ya pamba, sumu yake huweza kubaki katika mashudu. Ng'ombe wa maziwa akilishwa mashudu hayo, mwili wake hubadilisha sehemu ya aflatoksini B1 kuwa M1, nayo hutoka katika maziwa anayokunywa mtoto. Herufi M ni ya maziwa, na kwa bahati neno hilo huanza na herufi hiyo katika Kiingereza na katika Kiswahili pia.

7. MIPAKA YA TAA

Hapa msomaji anaweza kusema: basi na tununue tochi za zambarau, tukague magunia yetu wenyewe. Hatuna budi kumjibu kwa uangalifu, kwa sababu jibu la haraka linaweza kuua.

Ule mng'ao wa kijani na manjano unaoonekana katika pamba au katika punje ya mahindi iliyovunjwa si mng'ao wa aflatoksini yenyewe. Kuvu hutoa asidi iitwayo kojiki, na kimeng'enya kilichomo katika mmea ulio hai, yaani peroksidasi, huigeuza asidi hiyo kuwa kitu kinachong'aa. Kutokana na jambo hilo hufuata mambo manne.

Kwanza, kuvu aliyeota baada ya punje kukauka, ghalani, huenda asilete mng'ao wowote, kwa kuwa kimeng'enya cha mmea hakifanyi kazi tena, ingawa sumu ipo. Pili, wako kuvu watoao asidi ya kojiki bila kutoa aflatoksini, na hapo punje hung'aa bila ya sumu hiyo. Tatu, mng'ao huo hufifia kwa kukaa. Nne, sumu haigawanyiki sawasawa katika gunia: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na aliyemulika konzi moja hajui habari za konzi nyingine.

Kwa hiyo kutong'aa si cheti cha usalama, wala kung'aa si hukumu ya mwisho. Viwandani na maabarani taa hutumika kama mlinzi wa mlangoni, anayesema mzigo fulani upelekwe ukapimwe. Kipimo chenyewe hufanywa kwa sampuli iliyochukuliwa sehemu nyingi za gunia, ikasagwa na kuchanganywa, kisha ikapimwa kwa kemikali. Ukumbini mpira wa gofu umepakwa rangi inayojulikana, na kila king'aacho kiliwekwa king'ae. Ghalani hakuna aliyepanga nini king'ae na nini kising'ae. Usemi wa wazee juu ya ving'aavyo unahitaji nyongeza hapa: hata kisichong'aa usidhani ni salama.

Kinga iliyo ya uhakika haihitaji taa. Mahindi na karanga zisianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au kichanja. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13 hivi, na karanga zikaushwe zaidi ya hapo. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zichaguliwe na kutupwa, wala zisipewe kuku au ng'ombe wala zisipikiwe pombe. Ghala liwe kavu na magunia yasigusane na sakafu wala ukuta.

8. TAHADHARI

Taa za ukumbi wa gofu na tochi za noti hutoa urujuanimno wa mawimbi marefu, ulio dhaifu kwa kulinganishwa na wa jua la adhuhuri la Simiyu. Hata hivyo mtu asiitazame tochi moja kwa moja, wala watoto wasimulikane machoni. Taa za kuulia vijidudu, ambazo hutoa mawimbi mafupi ya nanomita 254 hivi, ni jambo jingine kabisa: huunguza macho na ngozi kwa muda mfupi, nazo zisitumiwe kamwe kwa mchezo. Na kwa kuwa jua ndilo taa kubwa ya urujuanimno, ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya kutosha, wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli, tangu utotoni, ili waepushwe na saratani ya ngozi.

9. MAJARIBIO KWA SHULE

Majaribio haya yafanywe usiku au katika chumba chenye giza, kwa tochi ya kukagulia noti, chini ya uangalizi wa mwalimu. Spiriti isikaribishwe na moto.

(a) Mulika bilauri ya toniki na bilauri ya maji. Linganisha.

(b) Ponda majani ya mchicha, yaloweke katika spiriti, kisha chuja. Maji yake ni ya kijani. Yamulike kutoka ubavuni: utaona nuru nyekundu itokayo katika klorofili.

(c) Koroga unga kidogo wa manjano katika spiriti, uache utulie, kisha mulika. Angalia rangi.

(d) Mulika pamba iliyotoka shambani, kisha kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa sabuni ya unga.

(e) Jaribio hili halina taa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, itie mahindi kiasi cha theluthi yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 15, nayo yarudishwe juani.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini nuru itokayo katika mpira haiwezi kuwa na nishati nyingi kuliko mionzi iliyoingia?

2. Chembe ya nuru yenye elektronivolti 3.1 inaingia, na nyingine ya 2.1 inatoka. Kiasi gani kimegeuka joto?

3. Mfanyabiashara anakuuzia mahindi, anayamulika mbele yako na kusema, "Tazama, hayang'ai, hayana sumu." Eleza makosa mawili yaliyomo katika maneno yake.

4. Taja vipimo viwili unavyoweza kuvifanya nyumbani kwako kabla ya kuhifadhi mahindi ya mwaka huu, na useme ni kipi kati ya hivyo kinachohitaji macho tu.